Shangazi, Nimechaguliwa Kuwafundisha Abiria Mashine Itakayochukua Kazi ya Dada Yangu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu unakaribia miaka arobaini, na ninaishi Katabi, karibu na Entebbe. Baba yangu alikuwa askari aliyehamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha tuliyokulia nyumbani. Lugha hiyo ilichangia sana kunipatia kazi katika uwanja wa ndege, kwa kuwa wakati huo walikuwa wakitafuta mtu wa kuzungumza na abiria wanaotoka Congo, Kenya na Tanzania bila kuhitaji mkalimani. Kwa zaidi ya muongo mmoja nimekaa nyuma ya kaunta nikiwasajili abiria, nikipima mizigo yao na kuwapa kadi za kupandia ndege, na sasa mimi ni msimamizi wa zamu. Mwajiri wangu ni kampuni inayohudumia mashirika kadhaa ya ndege, na naomba uniruhusu nisiitaje kwa jina.

Mwezi uliopita sisi wasimamizi tuliitwa kwenye mkutano, tukaelezwa kwamba zitaletwa mashine za kujihudumia ambazo abiria atazitumia kuchagua kiti, kuchapa kadi yake na kuchapa lebo ya mzigo wake, kisha atauweka mzigo mwenyewe kwenye mkanda. Kaunta chache zitabaki kwa ajili ya wale watakaokwama. Tuliambiwa pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba baadhi ya mikataba ya wafanyakazi wa kaunta haitaongezwa itakapomalizika. Kisha wakanitaja mimi kuwa kiongozi wa kikundi kitakachosimama kando ya mashine na kuwaelekeza abiria. Mshahara utapanda kidogo na zamu za usiku zitapungua, jambo ambalo kwa mama mwenye mtoto mdogo si dogo. Kabla hatujatoka tulisaini karatasi ya kutunza siri mpaka kampuni itakapotangaza yenyewe, na tarehe ya kutangaza hatukuambiwa.

Shangazi, tangu siku hiyo sina raha. Ninaijua kazi ya kaunta. Ninawajua wasichana wanaokwenda Saudi Arabia na Dubai kufanya kazi za nyumbani, ambao hawajawahi kupanda ndege, wamebeba bahasha ya karatasi ambazo hawajazisoma, na ambao ukiwauliza swali moja tu kwa upole machozi yanawatoka. Ninawajua akina mama wanaokwenda kumtazama mjukuu London wakiwa wamejaza matoke na samaki wakavu kwenye boksi lililofungwa kwa kamba, na kilo zimezidi. Mtu ambaye majina yake kwenye tiketi hayafuati mpangilio wa pasipoti, au ambaye cheti chake cha homa ya manjano kimebaki nyumbani, mashine itamwambia nini? Mimi sasa ndiye nitakayewaambia hao wote, "Bonyeza hapa." Na tumeshaambiwa kwamba kila wiki watahesabu ni abiria wangapi katika kila mia wametumia mashine, na kwamba utendaji wangu utapimwa kwa hesabu hiyo. Nikifanya vizuri, hesabu itapanda, na ikipanda wenzangu watakuwa hawahitajiki.

Hilo ningeweza kulimeza. Linalonikosesha usingizi ni la dada mmoja tunayefanya kazi naye. Si wa damu yangu, lakini ndiye aliyenipokea nilipokuwa mgeni, akanifundisha kuzisoma viza, akanifundisha namna ya kumkatalia abiria bila kumdhalilisha. Mwaka 2020, uwanja ulipofungwa kwa ndege za abiria kuanzia Machi hadi tarehe 1 Oktoba, na mishahara yetu ikasimama, tulikuwa tukigawana posho, yaani ugali, na maharage. Yeye alikaanga chapati barabarani na bado aliniletea za watoto. Sasa ana miaka 46 na anajenga nyumba Kajjansi, kuta zimesimama na imebaki kuezekwa. Ameomba mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, SACCO, wa kukatwa kwenye mshahara kwa miaka minne, na ameniomba niwe mdhamini wake. Fomu imo ndani ya mkoba wangu ninapoandika barua hii, na anaitaka mwisho wa mwezi. Mkataba wake unaisha mwakani. Katika mkutano ule hatukuonyeshwa majina, lakini idara iliyotajwa ni yake.

Mume wangu ananiambia ninyamaze nichukue cheo, au niombe kuondoka kwa hiari na fedha nitakazopewa tufungue duka la soda na huduma ya pesa za simu pale Kitooro. Mama yangu anasema mtu akishasaini amesaini. Mimi najiuliza: nikichukua cheo hicho, sijawauza wenzangu? Nikimwambia dada ukweli, sitakuwa nimevunja sheria na kujifukuzisha kazi? Nikimdhamini huku nikijua ninachokijua, mimi ni mtu wa namna gani? Na nisipomdhamini, nitampa sababu gani?

Nisaidie, Shangazi.

Mwenye Siri, Entebbe

*

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ina swali moja, na baadaye nikaona kwamba umeyafunga pamoja mambo matatu yasiyo na umri mmoja. Lipo suala la cheo, ambalo lina muda, maana mashine zenyewe hazijafika. Lipo suala la siri, ambalo halina tarehe. Na ipo fomu iliyomo ndani ya mkoba, inayotakiwa mwisho wa mwezi. Wewe umeanza na cheo na kumalizia na fomu. Mimi nitafuata mpangilio wako, lakini nakuomba usisahau kwamba saa inayokwenda mbio ni ile ya fomu.

Kwanza nataka tuitazame upya imani uliyonayo kwamba mashine hii ndiyo inayowaondoa watu, na kwamba mkono wako ndio utakaoisukuma. Kaunta yako ilianza kumegwa kabla hujaajiriwa. Mashine za kujisajili zilianza kuonekana katika viwanja vya Marekani katikati ya miaka ya 1990; mwaka 1999 shirika la Alaska Airlines likawaruhusu abiria wake kujisajili kwa intaneti; na tarehe 1 Juni 2008 ndiyo tarehe ya mwisho ambayo mashirika yaliyomo katika IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yalijiwekea ya kuachana na tiketi za karatasi. Leo abiria mwenye simu anaweza kufika Entebbe akiwa ameshachagua kiti chake akiwa ndani ya taxi pale Kajjansi. Kwa maneno mengine, hata kama mashine zile hazitaletwa kamwe, sehemu ya kazi yako ya kuchapa kadi imekuwa ikihamia mikononi mwa abiria kwa miaka mingi, na wewe hukuihamisha.

Je, hiyo ina maana kwamba hakuna atakayepoteza kazi? Wapo wanaopenda kututuliza kwa mfano wa benki. Mchumi James Bessen ameeleza kwamba mashine za kutolea fedha zilipoenea Marekani, makarani wa benki hawakutoweka, na kwa muda mrefu idadi yao hata iliongezeka, kwa sababu tawi moja liliweza kuendeshwa na watu wachache zaidi, gharama ikashuka, na benki zikafungua matawi mengi zaidi. Ni mfano wa kweli na unafurahisha, lakini sitaki nikupe kama dawa, kwa sababu uwanja wa ndege si tawi la benki. Kaunta zikiwa rahisi kuendesha, hakuna atakayejenga Entebbe ya pili kule Mukono ili karani aliyeachwa apate pa kwenda. (Hoima kuna uwanja wa Kabalega, lakini huo ulianza kujengwa kwa ajili ya shughuli za mafuta, na wala si kwa sababu kaunta zimekuwa za bei nafuu.) Njia pekee ambayo kazi inaweza kuongezeka kwenu ni abiria na safari kuongezeka kwa kasi kuliko mashine zinavyopunguza watu, na hilo halimo katika uwezo wako wala wa dada yako.

Upande wa pili, wewe mwenyewe umeandika kwa ufasaha sababu inayowafanya watu waendelee kuhitajika, bila kujua kwamba umeiandika. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na nyaraka zinazotakiwa na nchi anayokwenda, kwa kawaida hulazimika kumrudisha kwa gharama zake, na katika nchi nyingi hutozwa faini juu yake. Mashine inaweza kuisoma pasipoti, lakini msichana mwenye bahasha asiyejua kama viza aliyo nayo ni ya kazi au ya matembezi hawezi kumalizwa na kioo cha kugusa, na shirika linalijua hilo kwa sababu linalilipia. Katika viwanja ambako abiria wengi ni wazoefu wenye begi dogo la mkononi, mashine hufanya karibu kila kitu. Abiria wa kwenu uliowaeleza si hao. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wako ni hili: baada ya kupunguza kaunta, nani atazikagua nyaraka, na watu hao watatoka wapi? Huenda hata wenyewe hawajalijibu.

Nitakupa mfano mmoja zaidi, kwa sababu unakata pande zote mbili. Baada ya janga la korona, mashirika na viwanja vingi vya Ulaya vilikuwa vimepunguza wafanyakazi, na abiria waliporudi kwa wingi mwaka 2022 watu wa kuwahudumia hawakupatikana. Schiphol, Amsterdam, foleni zilitoka nje ya jengo. Heathrow, London, walilazimika mwezi Julai kuweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Anayetetea wafanyakazi husema: mnaona, mtu aliyekwisha kufunzwa akiondoka harudi kwa kupigiwa simu. Anayetetea mashine husema: mnaona, tungekuwa na mashine nyingi zaidi tusingekwama. Wote wawili wana hoja, na kampuni yako inaweza kuwa imezisikia zote mbili.

Sasa niende kwenye neno ulilolitumia, kwamba utakuwa "umewauza" wenzako. Ninaona umejiwekea milango miwili tu: kukubali ni usaliti, kukataa ni usafi. Sina hakika kwamba kukataa kutakuacha na mikono safi kama unavyofikiri, kwa sababu anaweza kuwekwa pale kijana asiyejua tofauti ya viza na kibali, ambaye kazi yake itakuwa kupandisha hesabu tu. Hata hivyo sitaki uiegemee sana hoja ya "nisipofanya mimi atafanya mwingine", kwani ni hoja ambayo watu wameitumia kujifariji katika mambo mabaya kuliko haya. Afadhali tuulize ni nini unachoweza kukidai kabla hujakubali, maana sasa, kabla hujasema ndiyo, una nguvu ambayo hutakuwa nayo baadaye.

Kipimo chenyewe kinanitia shaka zaidi kuliko mashine. Ukipimwa kwa idadi ya abiria waliobonyeza kioo, utajikuta unamsukuma kwenye mashine mtu aliyepaswa kwenda kwa karani, na foleni itarudi mbele kwa sura nyingine, langoni, dakika chache kabla ndege haijaondoka, pale ambapo hakuna tena muda wa kumsaidia. Unaweza kuomba, kwa maandishi na kwa adabu, kwamba kipimo kihesabu pia abiria waliogundulika mapema kuwa na kasoro za nyaraka wakasaidiwa. Unaweza kuomba kwamba wasaidizi wa mashine wachaguliwe kwanza kutoka miongoni mwa makarani waliopo. Unaweza kuuliza kama maelekezo ya mashine yatakuwa kwa Kiingereza peke yake, au pia kwa Kiswahili na Luganda, kwa sababu hilo peke yake litaamua ni abiria wangapi watahitaji binadamu kando yao. Lakini fahamu na hatari zake. Wakuu wengine humwona mwenye maswali kuwa mkaidi na humtafuta mwingine. Na hata ukipata yote uliyoomba, uliza cheo hicho kina mkataba wa muda gani, kwa maana kazi ya kuwafundisha watu mashine ina kawaida ya kupungua kadiri wanavyozidi kufundishika. Wewe unajiona mtu aliyenusurika, na mimi sijaona bado katika barua yako kitu kinachothibitisha hilo.

Kuhusu duka la Kitooro nitasema machache. Umesema mume wako anataka uombe kuondoka kwa hiari ulipwe, lakini hujasema kwamba kampuni imetoa nafasi hiyo kwa mtu yeyote. Anayejiuzulu mwenyewe kwa kawaida hapati kile anachopata aliyepunguzwa kazi. Zungumza naye kwa utulivu, na muulize amehesabu kodi ya chumba, mtaji wa pesa za simu na idadi ya maduka yaliyopo tayari katika barabara ile. Huenda amehesabu, huenda anakutakia tu kupumzika na zamu za usiku, na hilo ni jambo jema ambalo pengine limevaa nguo za biashara.

Tufike kwa dada yako, ambaye nahisi ndiye barua yote.

Kwanza tenganisha unachokijua na unachokihofia. Unajua kwamba idara yake ilitajwa na kwamba baadhi ya mikataba haitaongezwa. Hujui majina, hujui idadi, hujui tarehe. Ukimwambia, "Utaachishwa kazi mwakani," utakuwa umemwambia zaidi ya unachokijua, na iwapo jina lake halimo, utakuwa umemsimamishia ujenzi na kumwondolea usingizi bila sababu. Ukinyamaza kabisa na jina lake likawemo, atabaki na deni la miaka minne bila mshahara wa kulikata, na wewe mdhamini wake ndiye utakayegeukiwa, kwa akiba yako mwenyewe. Mwanangu, katika jambo hili huna nafasi ya mtazamaji. Ukiweka saini kwenye fomu ile, hatari yake inakuwa pia hatari ya watoto wako, na SACCO itakuwa inategemea neno lako kwamba unaamini deni litalipika.

Mama yako anasema aliyesaini amesaini, na mimi ninamheshimu kwa hilo, kwani kizazi chetu kililelewa hivyo. Lakini karatasi husomwa kwa maneno yake. Je, inakukataza kutaja mpango wa mashine kwa watu wa nje, au kwa wafanyakazi pia? Inakukataza kumuuliza mkuu wako mwenyewe ni lini watu wataambiwa? Inasema nini kuhusu adhabu? Nakala ulipewa? Kama hukupewa, kuiomba si kosa.

Kisha kuna sheria, ambayo inaweza kukusaidia bila wewe kufunua chochote. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuwaachisha kazi watu wasiopungua 10 katika kipindi kisichozidi miezi 3, kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo, awape wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama kipo, taarifa ya sababu, idadi na aina ya wafanyakazi watakaoguswa, tena kwa wakati unaofaa, na amjulishe pia Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inampa mtu aliyefanya kazi miaka 10 au zaidi haki ya notisi isiyopungua miezi 3. Kampuni inayosubiri mikataba iishe moja moja inaweza kudai kwamba haiachishi mtu kazi, ila muda umekwisha tu. Hoja hiyo haikubaliki kirahisi kama inavyosikika, na ni mahali pa kumwona wakili au afisa wa kazi, ambaye unaweza kumuuliza swali la jumla bila kutaja jina la kampuni wala la dada. Ninachotaka ukione ni kwamba siri unayoibeba huenda ni habari ambayo wenye mamlaka wanadaiwa kuitoa wao. Unaweza kumwendea mkuu wako na kumwambia kwamba watu wanaingia kwenye mikopo ya miaka mingi wakati huu, na kumuuliza tangazo litatoka lini. Mkuu mwenye busara ataona hatari hiyo kabla haijafika kwenye magazeti. Asiye na busara anaweza kukushuku kwamba umeshasema, na hilo nalo lipime.

Kwa upande wa dada mwenyewe, kati ya kumwambia yote na kutomwambia kitu kuna nafasi pana kuliko unavyodhani. Unaweza kumwambia kwamba kwa sasa huwezi kumdhamini mtu yeyote mkopo wa muda mrefu, na kwamba ungependa asubiri. Maneno hayo ni ya kweli. Hatari yake ni kwamba atakuuliza kwa nini, naye si mtoto. Ameishi miaka mingi mahali ambapo uvumi hufika kabla ya ndege, na huenda ameshausikia huu. Akikuuliza, utachagua papo hapo kati ya kumwambia kwamba kuna mambo huruhusiwi kuyasema, jambo ambalo kwa mtu mwerevu ni jibu tosha, na kumpa sababu ya uongo, ambayo itakuja kukumbukwa siku ya tangazo. Fikiria mapema ni lipi kati ya hayo unaloweza kulirudia mbele yake mwakani akiuliza, "Ulikuwa unajua?"

Lipo pia jambo ambalo unaweza kumweleza bila kuvunja siri yoyote. Umesema ana miaka 46, na kama amekuwa akichangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa miaka 10 au zaidi, basi marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanamruhusu kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake, kwa kuwa amevuka miaka 45. Huenda hiyo ikatosha kununua mabati, au ikapunguza mkopo ukawa wa mwaka mmoja badala ya minne. Sisemi ni jibu jema kwa kila hali, kwa sababu fedha hizo ni za uzee wake, na mtu anayeweza kukosa kazi anazihitaji kuliko wengine. Lakini angalau ni hesabu ambayo mnaweza kukaa mkaifanya pamoja, ninyi wawili mliokwisha kugawana posho. Muulize pia kama mkopo ule una bima, na kama bima hiyo inamlinda mtu anayepoteza kazi au anayefariki tu. Wengi husaini bila kuuliza.

Umeniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Mtu asiyejali asingeniandikia barua ndefu hivi kuhusu deni la mtu mwingine. Ninachokiona ni kwamba umeuchukua uamuzi wa dada yako ukaubeba kana kwamba ni wako peke yako, ilhali yeye ni mkubwa kwako, amevuka mwaka 2020 kwa chapati za barabarani, na huenda angependa kuchagua mwenyewe, hata kwa habari nusu, kuliko kulindwa asijue. Huenda pia angependa asijue. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Ukishaipata nakala ya ile karatasi uliyosaini na kusikia mkuu wako anasemaje kuhusu tarehe ya tangazo, niandikie tena kabla ya mwisho wa mwezi, na uninakilie maneno yake hasa yanayohusu wafanyakazi wenzako. Iwapo karatasi inazungumzia watu wa nje tu, mazungumzo yako na dada yatakuwa ya namna moja. Iwapo inawataja wafanyakazi pia, tutatazama pamoja ni nini unaweza kumweleza na ni nini umwachie mkuu wako akiseme.

Wako,
Shangazi